Safu ya Pili

Karatasi ya njano wameibana chini ya waipa.
Nikaisoma nimesimama, pakiti ya unga kwapani:
umeegesha saa tatu na dakika arobaini,
muda wa bure ni nusu saa,
lipa elfu thelathini ndani ya siku saba,
la sivyo sitini.

Saa tatu na dakika arobaini!
Supamaketi ya Cheyo ina vichochoro vinne.
Nilikuwa nafanya nini humo, nahesabu njiti za viberiti?

Mlinzi, Kasanzu, jina limeshonwa mfukoni,
u ya mwisho imefumuka,
akanionyesha daftari. Safu moja tu: namba ya gari, saa.
Gari langu limo mara mbili.
Saa nne na dakika tano: nilikuja kununua unga.
Saa nane kasorobo: nilirudisha unga, una fukusi.
Na mtu wa ofisini, ambaye jua la Tabora halimjui,
akachora mstari toka ya kwanza hadi ya pili
akauita kuegesha.
"Mama, mimi naandika tu," Kasanzu akasema.

Hata mimi niliandika tu.
Miaka ishirini na sita, stesheni, zamu ya usiku:
ya Mwanza imeingia, ya Mwanza imetoka,
ya Kigoma imeingia, imechelewa lakini imeingia.
Safu mbili. Na ole wako uisahau ya pili:
treni iliyokwishaondoka, ukaiacha kwenye karatasi,
inaziba njia,
na nyingine, ya kweli, yenye watoto na kuku ndani,
inakesha Urambo ikipiga honi
kulisubiri behewa la wino lipite.

Jirani yangu Mama Sizya akasema, lipa yaishe.
Yaishe!
Neno hilo limejenga ghorofa za watu.

Nikatoa kaboni kabatini.
*Kwa Meneja wa Maegesho. Naambatanisha risiti zenu mbili.
Naambatanisha na kadi ya zahanati, Ipuli, saa tano na nusu,
presha mia na thelathini na nane kwa themanini na tano
(leo sijapima, sababu mnayo).
Kama gari lilikuwa kwenu muda wote huo,
basi Ipuli nilikwenda kwa ungo,
na ungo, kwa kadiri nijuavyo, hautozwi maegesho.*
Nikagonga tarehe. Nikasaini: Nyanzobe Lugembe,
karani mstaafu.
Kisha nikakaa kitandani, viatu miguuni,
nikiogopa elfu sitini kama mtu mwingine yeyote.

Siku ya kumi na moja likaja jibu, mistari miwili:
kwa hisani ya uongozi, umesamehewa.

Mama Sizya akapiga kigelegele getini.
Mimi nikaisoma tena, na tena,
kama mtu anayetafuta mfupa kwenye samaki aliyeambiwa hana.
Umesamehewa.
Nikatoa kaboni nyingine.
*Asiyekosa hasamehewi. Sikuomba hisani, niliomba hesabu.
Andikeni: tulikosea. Ni neno moja, herufi tisa.*

Hawajaandika.
Nakala ipo kabatini, chini ya vitenge,
pamoja na cheti cha ndoa na barua ya kustaafu.

Jumamosi nikaenda tena, nimeishiwa sabuni.
Kasanzu ana daftari lilelile,
ila katikati ya ukurasa kuna mstari,
umepigwa kwa ukingo wa sanduku la biskuti, umepinda kidogo.
KUINGIA. KUTOKA.
Nikamuuliza nani kamtuma. Akatazama matairi.

"Saa ngapi, mama? Yangu imekufa betri."
Nikakunja mkono wa gauni.
Saa nne na dakika kumi na mbili.
"Andika na kumi," nikamwambia.
"Hii yangu inakwenda mbele."